Mbao za Kihwele na Ambakisye

Mbeya, Juni 1956

Kaka Kihwele,

Kamwene. Sikuulizi hali, maana hali yako niliiona mwenyewe nilipofika Kalenga nikakuta udongo bado mbichi. Mimi ni mzima. Goti la kulia linanisumbua asubuhi, na baridi ya Mbeya mwezi huu unaijua.

Nakuandikia kwa sababu kuna watu wamesimama mbele ya hakimu wakasema kwamba ulipokufa wewe, ubia wetu nao ulikufa, na kwamba mimi nilikuwa kibarua wako tu. Nataka usikie kwangu mimi walichosema na nilichowajibu. Watu wengine watakuja huko na habari nusu nusu.

Nianze pale tulipoachana. Ulipanda lori pale Chunya ukasema, "Napanda mahindi, nakunywa ulanzi, narudi." Ulikohoa mara mbili. Nikakwambia ujifunge shuka kifuani, ukanitukana mbele ya abiria wote. Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu, tusi, na sijui kwa nini kila nikilikumbuka nafurahi. Nilibaki kambini nikafunika mbao kwa nyasi, nikatia tupa meno ya msumeno, nikangoja. Ilikuwa mninga ya msimu mzima, Kaka. Unakumbuka lile gogo la mwisho lililotushinda siku nne? Nalo lilikuwa humo, limepasuliwa, limepangwa, kila ubao una K.A. ya lami kichwani.

Habari ya kichomi ililetwa na dereva. Nilifika Kalenga siku ya tano baada ya mazishi, kwa sababu lori lilikwama kwenye tope na tukalala njiani mara mbili. Shemeji Agatha alinipokea hajalia, amekauka tu. Paa la jiko lilikuwa linavuja. Nikaona siwezi kukaa matanga nikila chakula cha mjane huku mvua inamwagikia sufuriani, basi nikapanda juu, nikaezeka. Nilikaa kwenu karibu wiki tatu.

Mdogo wako Petro alinitunza sana siku zile. Alinileta kigoda, alinitilia maji ya kunawa. Akaniuliza mbao ziko upande gani wa barabara, kama zimefunikwa vizuri, kama kuna mlinzi. Nami nikiwa na huzuni nikamweleza kila kitu, mpaka ule mti wenye alama ya panga unapokatia kona. Siku moja hakuonekana. Wakasema amekwenda Iringa mjini kutafuta kazi. Nikamwombea apate.

Niliporudi Chunya nilikuta nyasi za kufunikia zimetupwa pembeni, na pale mbao zilipokuwa ardhi imekuwa nyeupe, ina mchwa. Hakuna hata ubao mmoja. Mchimbaji wa dhahabu aliyekuwa jirani yetu akanieleza bila kujua ananichoma: ndugu wa marehemu alikuja na leseni ya msitu, akaja na lori la kontrakta mmoja wa majengo wa hapa Mbeya, wakapakia siku mbili. Petro aliichukua leseni kwenye mfuko wako wa ngozi, Kaka, wewe ukiwa bado hujamaliza arobaini.

Nilikwenda Mbeya siku ileile. Niliingia uwanjani kwa kontrakta nikaziona. Zimepangwa vibaya, jua linazipiga, nyingine zimeanza kujikunja. Nikapitisha mkono kwenye K.A. yetu. Kontrakta akatoka ofisini.

"Nimenunua kwa mwenye leseni," akasema.

"Mwenye leseni amekufa."

"Basi nimenunua kwa mrithi wake. Wewe ni nani?"

Nikamwambia mimi ni mbia. Akawaambia mafundi wake kwa sauti, "Msikilizeni, siku hizi kila mshika msumeno ni mbia." Wakacheka, maana yeye ndiye anayewalisha. Halafu wakanitoa nje ya geti.

Wewe ni nani. Swali hilo nimeulizwa tangu mwezi wa pili mpaka wa tano. Karani wa mahakama aliniuliza pia, kwa upole, nami sikumchukia. Alisema kama nataka mali ya marehemu, habari za urithi wa Mhehe zinakwenda kwenye baraza la kwao, Iringa. "Wewe ni Mnyakyusa, si ndugu, leseni haina jina lako. Utasimama kama nani?" Nikatoka nje. Kaka yangu wa tumbo moja akanishauri niache. Akasema kontrakta anakula na wakubwa, mimi nirudi Rungwe nikalime kahawa kama watu wengine. Nilimwambia nitalima kahawa siku msumeno utakapoota majani.

Aliyenifungua macho ni mwandishi wa barua za watu, yule anayekaa na mashine yake ya chapa kwenye baraza la duka la vitambaa. Ni kijana mwenye majivuno, koti lake limemzidi mabega, na wanasema aliwahi kumfanyia kazi wakili mmoja kule Dodoma akafukuzwa. Nikamweleza shida yangu, akawa anakata kucha. Nilipomaliza akauliza swali moja tu:

"Unadai mali ya marehemu, au unadai mali ya kampuni?"

Nikamwambia sielewi tofauti. Akaweka wembe chini. Akasema kama nadai chako wewe Kihwele, karani amesema kweli, sina njia. Lakini kama mbao zilikuwa za watu wawili waliopatana kufanya kazi pamoja kwa jina moja, basi kila mmoja wao ana haki ya kushtaki kwa niaba ya ubia wote. Haombi ruhusa kwa ndugu wa mwenzake. Na mwenzake akifa, haki ile haimfii mkononi, anaendelea nayo mpaka mali ya ubia ikusanywe na kila upande upate chake. "Jina la kampuni yenu ni nani?"

Sikuwahi kufikiri kwamba tuna kampuni. Nikamwambia, "Kihwele na Ambakisye." Akapiga mashine, tatatata, na kwa mara ya kwanza nikaona majina yetu yamekaa pamoja kwa herufi za chapa: Kihwele na Ambakisye, Wapasua Mbao, mdai. Nilitembea na karatasi ile mpaka sokoni na kurudi kabla sijaipeleka kwa karani.

Kontrakta akaweka wakili. Jambo la kwanza wakili alilofanya ni kuleta barua, anataka majina ya wabia wote na mahali wanapokaa, kwa maandishi. Ni haki yake, mwandishi aliniambia, lakini anafanya hivyo ili atuonyeshe tumebaki mmoja. Nikamwambia aandike: Ambakisye anakaa Mbeya, Kihwele amelala Kalenga. Akasema mahakamani hawaandiki hivyo. Tukabishana asubuhi nzima. Mwishowe akaandika "marehemu, wa Kalenga," nami nikakubali, ila nilimwambia asitangulize neno "marehemu" mbele ya jina lako. Jina kwanza.

Wiki moja kabla ya kesi kontrakta alinitumia mtu. Alikuwa tayari kuniajiri, nisimamie karakana yake ya mbao, nyumba ya bati, kazi ya kivulini. Nisikudanganye, usiku ule sikulala vizuri. Nina watoto. Lakini kazi yenyewe ingekuwa kusimamia kupasuliwa kwa mbao zilezile, zenye K.A. Nilimrudishia jibu kwamba mimi si mtu wa kuajiriwa kulinda mali yangu niliyoibiwa.

Shemeji sikumwita. Nilimwandikia tu, kwa heshima, kumjulisha kwamba siku fulani nitasimama mahakamani kwa jina lako na langu, asije akasikia kwa watu. Nilijua barua atasomewa. Sikutegemea kitu zaidi.

Basi siku ikafika. Hakimu ni Mzungu mwembamba mwenye mafua, anajipangusa pua kila mara. Kuna mkalimani. Nikaapa kwa Biblia, nikasimama kizimbani na shati lile la bluu ulilosema linanifanya nifanane na tarishi wa posta.

Wakili akaanza taratibu.

"Kwenye shimo la kupasulia, mmoja anasimama juu ya gogo na mwingine chini shimoni. Wewe ulikuwa wapi?"

"Chini."

"Anayefuata mstari, anayeongoza msumeno, ni yupi?"

"Wa juu."

"Na unga wa mbao unamwangukia nani?"

"Mimi."

"Kwa hiyo yeye alikuwa fundi, na wewe kibarua wake."

Nikamgeukia hakimu. Nikasema, "Bwana Hakimu, meno ya msumeno ule yanakata yakishuka, hayakati yakipanda. Wa juu anaongoza, wa chini anakata. Kihwele alikuwa na jicho, mimi nina mikono. Kama bwana wakili anaona mmoja wetu ni bwana na mwingine mtumishi, msumeno nimeuleta, uko nje pale ukutani. Aende apasue hata ubao mmoja peke yake, juu au chini, achague mwenyewe."

Mkalimani alitafsiri polepole, mdomo unamtetemeka kwa kuzuia kicheko. Hakimu akapiga chafya. Sijui kama alikuwa anacheka.

Lakini wakili hakuwa mjinga. Akaomba ile karatasi yetu ya mapatano, niliyoandika kambini mwaka ule Malkia alipotawazwa, tulipoanza. Mbao nusu kwa nusu, msumeno nusu kwa nusu, hasara nusu kwa nusu. Dole gumba lako la wino, sahihi yangu.

"Mwandiko huu ni wa nani?"

"Wangu."

"Marehemu alijua kusoma?"

"Hapana."

"Aliyeshuhudia?"

"Dereva mmoja. Amehamia Rhodesia."

"Kwa hiyo ni karatasi uliyoiandika wewe, ukaitunza wewe, umeileta wewe, na aliyetia dole hakujua imeandikwa nini, na shahidi hayupo. Tutajuaje hukuiandika juzi?"

Kila alichosema kilikuwa kweli, ila kile alichotaka kiaminiwe ndicho kilikuwa uongo. Nikaona uso wa kontrakta umelegea kama mtu aliyeshiba.

Ndipo nyuma kabisa sauti ya mwanamke ikasema, "Na mimi ninayo."

Ilikuwa ni Agatha. Alifika asubuhi ile kwa lori la viazi, siku mbili njiani, miguu imevimba, amekaa nyuma ya watu wala sikumwona. Askari akataka kumtuliza. Hakimu akauliza anasema nini, mkalimani akamwambia, na baada ya maneno mengi ya Kiingereza na wakili kusimama na kukaa mara tatu, wakamwapisha. Akafungua fundo la kanga yake. Akatoa karatasi iliyokunjwa mpaka imekuwa kama kitabu kidogo cha sala. Ilikuwa nakala ile ya pili, niliyokupa uende nayo nyumbani. Nilidhani ulikwisha isokotea tumbaku zamani.

Walizilinganisha. Neno kwa neno ni moja. Halafu hakimu akageuza ile ya shemeji, nyuma akakuta maandishi ya penseli, mwandiko mzuri wa kulala, si wangu. Mkalimani akasoma kwa sauti:

"Nimesomewa karatasi hii mara mbili na mwalimu. Ni kama tulivyopatana na Ambakisye." Chini yake dole lako tena, na jina la mwalimu wa shule ya misheni, na tarehe ya Krismasi ya mwaka ule wa kwanza.

Hakimu akamwuliza shemeji kwa nini mume wake aliipeleka kwa mwalimu. Naye, unamjua hajui kupamba neno, akasema, "Alisema yule Mnyakyusa anaandika haraka mno. Anataka kujua ameandika nini."

Watu walicheka mpaka askari akagonga sakafu. Mimi sikucheka, Kihwele. Neno lile lilinikata. Tulikuwa tumekula chungu kimoja, nimekukanda mgongo kwa mafuta ya nyonyo, na kumbe ulikunja karatasi yangu ukaipeleka kwa mtu mwingine aichunguze, ukarudi kambini ukaniangalia usoni bila kusema. Nimesimama pale mbele ya watu, kesi yangu inaokoka, na nimekukasirikia kama ungekuwa umekaa kwenye benchi la mbele.

Wakili akajaribu la mwisho. Akamwuliza shemeji kama shemeji yake Petro hakuwa na ruhusa yake ya kuuza. Agatha akasema, "Petro aliitaka karatasi hii siku ya tatu ya msiba. Nikamwambia nimeiwashia moto. Mtu anayetafuta karatasi kabla machozi hayajakauka, humpi."

Hakimu akaahirisha mpaka alasiri. Aliporudi, mkalimani akatusomea. Kwamba leseni ya msitu inasema nani aruhusiwe kukata miti, haisemi mbao ni za nani. Kwamba kulikuwa na ubia. Kwamba mbia aliyebaki anaweza kushtaki kwa jina la ubia ili mali ya ubia irudi, na halazimiki kuwaleta warithi wa mwenzake wasimame naye. Kwamba ndugu wa marehemu aliuza kisicho chake, na aliyenunua hakuuliza alichopaswa kuuliza, ilhali kila ubao ulikuwa na alama ya watu wawili.

Nilimwomba mkalimani arudie pale pa mbia aliyebaki. Akarudia. Nimelishika neno kwa neno.

Nje tulikaa na shemeji ukutani, karibu na msumeno. Nilimnunulia chai na maandazi. Nikamwambia, "Shemeji, hakuniamini." Akanywa chai yake yote kwanza. Akasema, "Hakujua kusoma, Ambakisye. Ungekuwa ni wewe ungefanyaje?" Nikafikiri. Ningefanya hivyohivyo. Ningefanya mapema kuliko wewe, wala nisingengoja Krismasi. Hapo ndipo nilipocheka, nikacheka mpaka nikalia, na Agatha naye akalia, mara yake ya kwanza tangu uondoke, kwa jinsi alivyoniambia. Watu wa mahakamani walitupita wakidhani tumeshindwa.

Si mbao zote zilizorudi. Nyingine zimekwisha kuwa milango na fremu za jengo jipya la maduka pale mjini, hakimu akasema hazing'olewi, kontrakta alipe thamani yake. Amelipa kwa kuvutwa. Nikipita pale nasimama, naangalia mlango wetu. Mninga imetoka rangi nzuri. Mwenye duka ananiuliza nataka nini, namwambia naangalia tu. Zilizobaki tulizigawa na shemeji kama karatasi ilivyosema. Alikataa niziuze za kwake. Kazijengea stoo ya mahindi na kitanda cha binti yako Vero, nyingine kaziweka, anasema mninga haiozi na yeye hana haraka.

Petro sikumshtaki. Nilitaka. Shemeji akaniambia, "Petro ni shauri langu." Nasikia amerudi Kalenga, analima shamba lako kwa jembe la mkono, na shemeji hamwiti mezani mpaka watoto wamekula. Amekonda. Mimi sijamsamehe, na usiniombe.

Leseni mpya ina majina mawili. Pale ofisini walisema nafasi ni ya jina moja. Niliwaambia basi waandike kwa herufi ndogo. Jina la pili ni Agatha, kwa sababu nusu ya msumeno ni yake, na amekubali ifanye kazi kuliko ining'inie ukutani. Tulipopatana niliandika mapatano, naye akaichukua karatasi palepale, akasema anaipeleka kwa mwalimu. Safari hii sikuumia.

Juzi wamenijia watu wawili kutoka Igowole, mke na mume. Walikuwa wabia na jirani yao kwenye kinu cha maji cha kusagia, watatu. Jirani kapooza, hasemi, na mwenye shamba la juu ameziba mfereji, kinu kimesimama. Kila ofisi wanayokwenda wanaambiwa mpaka wawe watatu. Walikuja kwa lori mpaka hapa kwa sababu walisikia kuna Mnyakyusa aliyeshinda kesi akiwa na mwenzake kaburini. Mume alikuwa anaongea akiangalia chini. Nikawapa viti. Nikamwuliza mke, "Kinu ni cha jirani yenu, au ni cha ubia?" Akanyanyua uso.

Jumatatu naondoka nao kwenda Iringa. Nimewaambia sijui sheria, najua neno moja tu, lakini hilo nitalisema mpaka karani achoke.

Nikishuka huko nitafika Kalenga. Nakuahidi sitafika na maua wala sitapiga magoti, unanijua. Nitakaa hapo pembeni yako, nikusomee barua hii mara mbili, uhakikishe nimeandika nini.

Kaa vyema, Kaka.

Mbia wako,
Ambakisye